Daunou, mwandishi wa katiba aliyetunza karatasi za mataifa

Wengi wetu katika fakulte hii tumesoma kurasa za Michelet, au angalau tumesikia walimu wakimtaja tangu mwaka wa kwanza. Wachache wanajua kwamba Michelet alipoajiriwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Ufaransa, mwaka 1830, alimkuta mkubwa wa kazi, mzee wa miaka 69, padri wa zamani, mtu asiyependa makelele. Mzee huyo alikuwa amekwisha kuandika katiba, kulala gerezani, kumkatalia Bonaparte cheo na kufukuzwa kazi chini ya mfalme. Jina lake ni Pierre-Claude-François Daunou. Wanaosoma sayansi ya siasa wangeweza kudai kuwa ni wao, na wa historia wangesema vilevile. Mimi ninamleta kwetu, kwa watu wa lugha, kwa sababu maisha yake yote aliyatumia katika kupanga maneno: maneno ya sheria kwanza, halafu maneno ya marehemu yaliyofungwa katika makasha. Tena kuna miaka michache katika maisha hayo ambayo Mkongo hawezi kuisoma bila kukunja uso. Nitaifikia.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1761 mjini Boulogne-sur-Mer, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa inayotazamana na Uingereza. Baba yake alikuwa mpasuaji. Alisomeshwa na mapadri wa Oratoire, na alipofika miaka 16 akaingia katika shirika lao. Hao hawakuwa watawa wa nadhiri. Walikuwa mapadri walioishi pamoja kwa sala na kwa kufundisha, na shule zao zilisifiwa kwa kupokea hisabati na falsafa mpya pamoja na Kilatini cha siku zote. Daunou alifundisha humo tangu 1780, akihamishwa kutoka koleji moja hadi nyingine: Troyes, Soissons, Boulogne, Montmorency. Alipewa upadri mwaka 1787, na mwaka huohuo akademia ya mji wa Nîmes ikamtuza kwa insha yake juu ya mshairi Boileau. Kama mambo yangebaki yalivyokuwa, angezeeka akisahihisha daftari za wanafunzi, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Mapinduzi yalimtoa darasani. Mwaka 1789 alipanda mimbarini kanisani kwao Paris kuwaombolezea waliokufa Bastille, na sheria ilipotolewa ya kuwaweka mapadri chini ya serikali yeye aliikubali, wakati wenzake wengi walikataa kiapo. Mwezi wa Septemba 1792 watu wa jimbo la Pas-de-Calais walimtuma Paris kuwa mbunge katika ile Convention iliyotangaza jamhuri.

Hapo ndipo tunapoanza kumwona mwanasayansi ya siasa. Kesi ya mfalme Louis wa 16 ilipofika bungeni, wengine walibishana kama mfalme ana hatia au hana. Daunou aliuliza swali jingine kabisa: je, bunge lina haki ya kuwa hakimu? Aliwaeleza wenzake kwamba wanaotunga sheria hawawezi tena kuwa washitaki na mahakimu kwa siku moja, hata kama mshitakiwa ni mwovu namna gani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa jamhuri, hakumtetea mfalme. Alitetea mipaka ya mamlaka. Alipiga kura afungwe hadi vita viishe, halafu atolewe nchini. Alishindwa. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo, wabunge wa kundi la Girondins walifukuzwa bungeni kwa nguvu ya watu wenye silaha. Daunou alitia sahihi kwenye barua ya kupinga, pamoja na wenzake wapatao sabini na kitu. Oktoba wakakamatwa. Alikaa ndani zaidi ya mwaka mmoja, akihamishwa kutoka gereza moja la Paris hadi jingine, huku majina ya waliokwenda kuuawa yakisomwa. Alitoka Desemba 1794, baada ya Robespierre kuanguka. Kuna jambo ambalo waandishi wa maisha yake hulipita haraka, nami naona lastahili kituo. Tarehe 25 Juni 1794, yeye akiwa bado gerezani, bunge lilelile lililomfunga lilipitisha sheria ya nyaraka: karatasi za taifa ziwekwe mahali pamoja, na kila raia awe na haki ya kuomba kuzisoma. Sheria hiyo ndiyo iliyojenga nyumba ambayo baadaye yeye angeishika funguo zake kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka 1795 ulikuwa wake. Bunge liliweka tume ya watu kumi na mmoja kuandika katiba mpya, na kalamu kwa sehemu kubwa ilikuwa mkononi mwa Daunou. Alichotaka ni katiba ambayo haingemruhusu Robespierre mwingine: mabaraza mawili badala ya moja, wakurugenzi watano badala ya kiongozi mmoja, na mgawanyo wa madaraka ulioandikwa kipengele kwa kipengele. Aliweka pia sharti kwamba mkurugenzi awe na miaka 40 au zaidi. Katika uchaguzi uliofuata majimbo 27 yalimchagua, akawa rais wa kwanza wa Baraza la Mia Tano, na jina lake lingeweza kutajwa kwa ukurugenzi. Lakini alikuwa na miaka 34. Kwa sharti aliloliandika mwenyewe, mlango ulikuwa umefungwa, naye hakujaribu kuufungua. Nawaachia wasomaji wapime ni wangapi wameandika katiba kwa namna hiyo, karibu nasi au mbali.

Siku moja kabla Convention haijafunga kazi yake, tarehe 25 Oktoba 1795, ilipitishwa sheria ya elimu ambayo Wafaransa huiita kwa jina lake. Iliunda shule za kati katika kila jimbo, na katika madarasa ya juu ya shule hizo kulikuwa na mwalimu wa sarufi ya jumla, yaani sarufi ya lugha kama lugha. Sheria hiyohiyo iliunda Institut, mkusanyiko wa wataalamu wote wa taifa, na ndani yake kundi zima la sayansi za maadili na siasa. Daunou aliwekwa katika kundi hilo, sehemu ya sayansi ya jamii na sheria. Kwa hiyo nikimwita mwanasayansi ya siasa simvishi nguo ya karne yetu. Alikuwa kati ya watu wa kwanza ambao serikali iliwapa kiti kwa jina hilo.

Mwaka 1798 alitumwa Roma kuipangia jamhuri mpya iliyowekwa na jeshi la Ufaransa. Aliwaandikia Warumi katiba, karibu nakala ya ile ya Wafaransa, na badala ya wakurugenzi akaweka makonsuli, ili isikike kama Roma ya zamani. Haikumaliza miaka miwili. Sina mengi ya kusema juu ya safari hiyo, ila kwamba ilimzoesha jambo moja: kuingia katika mji wa wengine nyuma ya jeshi, akiwa na wino na nia njema.

Katiba yake ya Paris nayo haikuishi. Akiwa na hofu ya makundi ya mjini yaliyowahi kuwavamia wabunge, alikuwa ameridhia kipengele kinacholipa Baraza la Wazee uwezo wa kuhamisha mabaraza yote mawili nje ya Paris. Novemba 1799 wafuasi wa Bonaparte walitumia kipengele hichohicho. Waliwahamishia wabunge Saint-Cloud, mbali na watu wa mji, na huko askari wakaingia na bunduki. Ukuta aliojenga kuwalinda wabunge ndio uliowafungia ndani. Hata hivyo Bonaparte alimwita asaidie kuandika katiba mpya. Daunou aliandika rasimu, jenerali akachagua vipande alivyovipenda na kutupa vilivyomfunga mikono.

Baadaye Bonaparte alitaka kumweka katika Baraza lake la Taifa. Alikataa. Akakubali badala yake kukaa katika Tribunat, baraza la kujadili miswada, akawa rais wake wa kwanza. Mwanzoni mwa 1801 ulipofika mswada wa mahakama maalumu, zinazohukumu bila wazee wa baraza la raia na bila rufaa ya kawaida, aliupinga kwa hoja zilezile alizozitoa wakati wa kesi ya mfalme. Mwaka uliofuata yeye na wengine wenye ulimi walitolewa barazani. Mwaka 1803 Bonaparte alilivunja hata lile kundi la sayansi za maadili na siasa katika Institut. Hakutaka watu wanaolipwa kufikiri juu ya serikali.

Ndivyo tunavyomkuta Daunou akiwa na miaka 43, bila baraza wala mimbari, wala kundi la wataalamu, akiangalia maktaba ya Panthéon. Mwishoni mwa 1804 Camus alifariki, yule mwanasheria aliyekuwa mtunza nyaraka tangu bunge la 1789, na Daunou akapewa nafasi yake. Watu wamesema Bonaparte alitaka kumtupa kwenye vumbi. Mimi sidhani. Wote wawili walijua kwamba mtu aliyekataliwa kuandika sheria mpya anaweza bado kuamua sheria za zamani zitawekwa wapi, nani azipate, na ziitwe nini.

Mwaka 1808 nyaraka zilihamishiwa Hôtel de Soubise, jumba la watu wakubwa wa zamani katika mtaa wa Marais, na humo ziko hadi leo. Zilikuwa chungu nzima: sheria za Mapinduzi, hazina ya hati za wafalme, daftari za mahakama, hati za mashamba ya monasteri zilizofungwa, ramani, barua. Daunou aliketi akazigawa. Alianza na sehemu ya sheria, ikafuata ya utawala, ya historia, ya ramani na mitaa, ya mashamba na mali, na mwisho ya mahakama. Kila fungu alilipa herufi. A ni sheria. F ni wizara. J ni hazina ya hati za wafalme, K ni kumbukumbu za historia, L ni za kanisa. X ni Bunge la kifalme la Paris, ambalo kwa kweli lilikuwa mahakama, na Y ni mahakama ya Châtelet. Mtafiti anayeingia Paris leo na kompyuta yake bado anaomba hati kwa herufi hizo.

Ukitazama mpango huo kwa makini utaona kwamba ni katiba. Sheria zinatangulia, utawala unazifuata, mahakama zinafunga. Wafalme wote, pamoja na mihuri yao ya dhahabu, wamewekwa katikati, katika sehemu ya historia, kama watu waliokwisha kupita. Mwandishi wa katiba aliyenyang'anywa kalamu alikuwa ameiandika tena, safari hii kwenye rafu, mahali ambapo jenerali hakupita kuangalia. Katiba ya 1795 iliishi miaka minne, ile ya Roma haikufika miwili, herufi zimeishi zaidi ya miaka 200.

Wataalamu wa nyaraka wanamlaumu, na wana haki. Mpango wake ulifuata mada, haukufuata mahali karatasi zilikotoka. Monasteri moja ilikuwa na karatasi zake pamoja, zilizokua pamoja kama matawi ya mti mmoja. Kwake mambo ya ibada yalikwenda L na mambo ya mashamba yalikwenda S. Ni sawa na mtu achukue barua za ukoo mmoja, zinazohusu ndoa aziweke huku, zinazohusu deni kule, halafu amwambie mjukuu atafute habari za babu yake. Alikuwa na akili ya mtu wa karne ya 18, iliyoamini kwamba vitu vyote vya dunia vikiwekwa kwenye jedwali vitaeleweka.

Akili hiyo ndiyo iliyomponza mambo yalipokuwa makubwa. Kaizari Napoleon alikuwa na wazo: kama Paris ni mji mkuu wa Ulaya, kumbukumbu ya Ulaya nayo ikae Paris. Mwaka 1809, baada ya kuwashinda Waustria, karatasi za Dola Takatifu ya Kirumi zilianza kutolewa Vienna. Mwaka huohuo Papa Pius wa 7 alikamatwa, na mwanzoni mwa 1810 amri ikatoka kwamba nyaraka za Vatikano ziletwe pia. Makasha 3,239 yalipakiwa kwenye magari ya farasi na kuvuka milima ya Alps. Zikafuata karatasi kutoka ngome ya Simancas, ambako wafalme wa Hispania walikuwa wameweka siri zao tangu karne ya 16, na nyingine za Piemonte, Genova na Toscana. Mwaka 1811 Daunou mwenyewe alikwenda Italia kukagua nini kichukuliwe. Mahali pakawa hapatoshi. Tarehe 15 Agosti 1812, sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaizari, jiwe la msingi la jumba kubwa la nyaraka liliwekwa kando ya mto Seine. Jumba halikujengwa.

Mtu aliyemkatalia Bonaparte mahakama maalumu hakumkatalia makasha. Aliyapokea, akayaandalia sehemu katika jedwali lake. Hata alifaidika nayo: kitabu chake juu ya mamlaka ya kidunia ya Mapapa kilitolewa tena mwaka 1810, Kaizari akiwa katika ugomvi na Papa, na kilikuwa silaha nzuri. Nimejiuliza sana ni kwa nini mtu mmoja awe na pande mbili hivi. Sioni kama alinunuliwa, maana vyeo vya faida alivikataa. Nadhani hakuona kosa. Kwake karatasi za Papa zilikuwa karatasi za dhalimu, na kuzitoa gizani kuziweka mbele ya wasomaji wa Paris ilikuwa ni kuzikomboa. Ni hoja tunayoijua. Vinyago vyetu pia viliambiwa vimeokolewa.

Tena karatasi hizo zilituhusu zaidi ya tunavyodhani. Kati ya nyaraka za Roma zilizopelekwa Paris zilikuwamo zile za Propaganda Fide, idara ya Papa iliyowatuma Wakapuchini katika ufalme wa Kongo, waliofika huko mwaka 1645. Roma ilikuwa na habari za Kongo hata kabla ya hapo: balozi wa mfalme wa Kongo, António Manuel Ne Vunda, alifika huko Januari 1608 na kufariki siku chache baada ya kufika. Kwa hiyo katika miaka ya 1810 sehemu ya kumbukumbu ya Kongo, iliyoandikwa na wageni na kuhifadhiwa na wageni, ilichukuliwa na wageni wengine kama mateka wa vita, na hakuna Mkongo aliyejua kwamba inasafiri.

Napoleon alipoanguka wenye mali walikuja kuomba vyao. Wa Papa waliongozwa na Marino Marini. Daunou hakuwafurahia. Alikawiza, alitaka amri zilizoandikwa vizuri, alidai kubakiza vipande vilivyohusu historia ya Ufaransa. Kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akiomba karatasi yake anaijua sura hiyo ya mtumishi mwaminifu. Mimi mwenyewe, nilipotafuta magazeti ya zamani ya Kiswahili cha huku kwetu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, niliambiwa katika ofisi moja kwamba mkusanyo kamili uko Ulaya, na barua niliyoandika huko ilijibiwa kwa adabu baada ya miezi mingi, ikinieleza kwamba ningekaribishwa kuyasoma nikifika. Nauli haikutajwa. Nilipokuwa nikisoma habari za Marini nilimwelewa mara moja.

Lakini haki inataka niseme pia yaliyofuata, kwa sababu yanavuruga hukumu nyepesi. Wajumbe wa Papa walikuta kwamba kurudisha makasha yote kutagharimu fedha nyingi, nao wakaanza kuchambua. Walichoona hakina faida, zikiwamo karatasi nyingi za kesi za Inkwizisyo, walikichana au kukiuza kwa uzito, na wachuuzi wa Paris wakafungia bidhaa zao. Idadi iliyofika Roma ilikuwa pungufu sana kuliko iliyoondoka. Kwa hiyo katika historia hii kuna mnyang'anyi aliyezitunza karatasi na mwenyewe aliyeziteketeza, na kila mmoja alikuwa na stakabadhi yake.

Hapo mawazo yangu huenda Brussels. Agosti 1908, wakati Léopold wa 2 alipokuwa karibu kuikabidhi Kongo kwa Ubelgiji, majiko ya jumba lake yaliwaka siku nane yakichoma nyaraka za Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1960 sehemu kubwa ya karatasi za utawala wa kikoloni ilisafirishwa Ubelgiji. Daunou hakuchoma hata ukurasa mmoja, na hilo si dogo. Kilichotusaidia sisi hapa mara nyingine ni bahati tu, na ukaidi wa watu wadogo: ile historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965, kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, haikuwa na mtunza nyaraka wa taifa, nayo bado tunaisoma darasani.

Wafalme walirudi Ufaransa, na mwanzoni mwa 1816 Daunou alifukuzwa. Hawakumsamehe Convention. Akawa mhariri wa Journal des savants, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1819 akapewa kiti cha historia na maadili katika Collège de France. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake kilichosomwa mbali kuliko vyote, juu ya dhamana anazostahili mtu binafsi mbele ya serikali: usalama wa mwili wake, wa mali yake, wa kazi yake, wa fikra zake, wa dhamiri yake. Hakubishana sana juu ya aina ya utawala. Alitaka kila utawala upimwe kwa dhamana hizo. Mwaka 1822 kilitolewa kwa Kihispania Buenos Aires, kikiwa kimefasiriwa na padri Gregorio Funes, nchi zile zikiwa zinatafuta katiba zao za kwanza.

Nimekisoma kitabu hicho nikiwa na makasha kichwani. Ndani yake mtu hawezi kunyang'anywa shamba wala barua zake bila sheria. Lakini wanaozungumzwa humo ni mtu na serikali, hakuna wa tatu. Taifa lililoshindwa, mji uliopokonywa daftari zake, watu wasio na serikali yenye kutambuliwa, hao hawana sura yao. Sayansi yake ya siasa ilikuwa na jina la kila kitu isipokuwa kile ambacho yeye mwenyewe alikishika mikononi kila siku tangu 1809 hadi 1815.

Mapinduzi ya Julai 1830 yalimrudisha Hôtel de Soubise. Alizikuta herufi zake mahali alipoziacha. Michelet aliwekwa mwaka huohuo kuongoza sehemu ya historia, na hao wawili walikuwa kama maji na moto. Kijana aliingia kati ya makasha akisikia sauti za wafu, mzee alisikia namba za rafu. Kwa sisi wanafunzi ni rahisi kumpenda Michelet. Ila Michelet alipotaka hati ya karne ya 14 aliipata, na aliipata kwa sababu ya yule mwingine. Mwaka 1832 lile kundi la sayansi za maadili na siasa lilifufuliwa, na Daunou akarudi kwenye kiti kilichovunjwa miaka 29 nyuma. Mwaka 1838 akawa katibu wa kudumu wa Académie des inscriptions, mwaka 1839 akatiwa katika baraza la juu la bunge. Masomo yake ya Collège de France yalichapishwa baada ya kifo chake, vitabu 20, ambavyo nakiri havina wasomaji wengi.

Alifariki Paris tarehe 20 Juni 1840, bado akiwa mtunza nyaraka wa taifa. Letronne akamrithi. Tarehe 24 Aprili 1841, hata mwaka haujapita, waraka wa serikali uliamuru kwamba katika hifadhi za majimbo karatasi za ofisi moja, ukoo mmoja au nyumba moja zisitenganishwe tena. Kanuni hiyo leo hufundishwa kila mahali, na ni kinyume cha jedwali lake. Mwaka 1843 faili ya kesi ya Galileo, iliyopotelea Paris wakati wa marudisho, ilifika tena Vatikano. Zilibaki zile za Simancas, zilizohusu Ufaransa, ambazo Daunou alikataa kuziachia. Hispania ilizidai miaka mingi. Zilirudi mwaka 1941, kwa mapatano kati ya serikali ya Pétain na ile ya Franco, baada ya kukaa Paris karibu miaka 130 chini ya herufi K.